Barua ya Baba Debe kwa Rakeli

Mwanangu Rakeli,

Unajua mimi na kalamu hatuelewani. Lakini kesho pale barabarani Tengeru watakuwepo shangazi zako wote, na kwaya, na mwinjilisti na sala zake zisizokwisha, na nikifungua mdomo nitalia. Nikilia, watu watapata la kuongea mpaka Krismasi. Kwa hiyo nimevuta meza hapa nje, wewe uko kazini unaaga wenzako, mama yako yuko jikoni anakukaangia vitu ambavyo basi zima la Nairobi haliwezi kuvimaliza, nami naandika.

Mambo ya blanketi, vyeti, dawa ya malaria na sanduku lisiachwe machoni pa watu, mama yako ameshakwambia na kesho atakwambia tena. Mimi huko sina la kuongeza.

Niseme lile ambalo watu wanalizungumza ukiwa umegeuka. Wewe ndiye uliyeitwa. Kampala wamekutaka wewe, kwa ukunga wako, wakakupa nafasi ya kusoma zaidi, na mumeo anaacha ualimu wake ili akufuate. Mlima mzima wa Meru umeshindwa kulimeza hilo. Mtoto wa kike kwenda kusoma nchi nyingine, sawa, wanakubali kwa shingo upande. Lakini mwanamume kubeba sanduku nyuma ya mke wake! Tangu juzi Anaeli yuko Kikatiti kwa baba yake, na sote tunajua anaambiwa nini huko. Mzee Sangito hakuficha. Amesema Anaeli akipanda hilo basi, lile shamba la migomba aliloahidiwa tangu kipaimara litakwenda kwa mdogo wake, na akirudi kutoka Kampala atafute pa kukaa.

Hujaniambia neno. Lakini jana nilikuona unakunja shati lake jeupe, ukaliweka sandukuni, ukalitoa, ukalirudisha. Nilijifanya naangalia kuku.

Sijui atarudi na jibu gani. Ninalojua ni kwamba hata akibaki, wewe kesho utapanda basi. Hilo nimelisema kwa mama yako, na mama yako, ambaye hunibishia hata nikisema leo ni Jumanne, safari hii hakubisha.

Sasa naomba unisikilize, kwa sababu katika tarafa hii yote hakuna mwanamume anayejua habari za kumfuata mke kunishinda mimi. Jina la Baba Debe umelisikia tangu unatambaa. Ulimpasua mdomo mtoto wa jirani kwa ajili ya jina hilo, nikakuchapa, na moyoni nikafurahi. Hukuwahi kuniuliza lilianzaje na mimi sikuwahi kulieleza vizuri. Leo nilieleze, maana Mzee Sangito analitumia kumtishia mwanawe. "Mwanangu hawezi kuwa Baba Debe wa pili," ndivyo anavyosema.

Mama yako kabla hujazaliwa alikuwa yaya kwa mzungu mmoja mkulima wa kahawa hapa chini Usa. Mzungu akahamia Nairobi, na mtoto wake alikuwa halali ila kwa mama yako. Memsahibu akaja mwenyewe mpaka hapa nyumbani, akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, akamwomba. Mimi wakati huo nilikuwa kijana mwenye migomba michache na majivuno mengi. Nikasema mke wangu haendi peke yake. Nilifikiri nimemzuia. Mama yako akaniambia, "Basi funga mizigo." Ndivyo nilivyokwenda Nairobi, mwanangu. Sikuitwa na mtu.

Tukapanga chumba Pumwani kwa mwanamke mmoja Mwislamu, Bi Mwanaidi, mjane mwenye nyumba ya vyumba pande mbili na ukumbi katikati. Ukuta wa udongo, paa la mabati ya madebe yaliyofumuliwa. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Mama yako alikuwa anatoka kukiwa bado giza, anakwenda kwa miguu mpaka upande wa wazungu, anarudi jioni. Mimi nilikuwa nakaa. Hakuna neno gumu kama hilo kwa mwanamume wa huku, kukaa. Nje askari wanauliza vipande, zile karatasi za kazi, na mimi sina kazi kwa hiyo sina cha kuwaonyesha. Ndani nasikia wanawake wa nyumba ile wanacheka, nami nina hakika wananicheka mimi. Nilikuwa nafagia chumba, halafu nakitazama, halafu nakifagia tena.

Sasa sikia kisa cha bomba, ucheke, maana mama yako hata leo akikikumbuka hushika mbavu.

Unajua desturi yetu ya mfereji. Mgeni akihamia hagusi maji mpaka mwanamume wa nyumba amwendee mzee wa mfereji na pombe ya ndizi, apangiwe zamu yake. Ukichota kabla ya hapo umewatukana wenyeji. Basi siku tuliyofika Pumwani nikaona bomba la wote pale pembeni, wanawake wamejipanga na madebe, wanagombana. Mama yako akachukua debe. Nikamzuia mlangoni.

"Usichote. Sijaongea na mzee wake."

"Mzee wa nini?"

"Wa hili bomba. Unaona wanavyogombana? Ni kwa sababu kuna watu wamechota bila zamu."

Alikuwa amechoka na safari, akaniacha. Tukala mkate mkavu. Kesho yake nikaanza kutafuta mzee wa bomba. Niliuliza kwa heshima zote. Wengine walinitazama tu. Mpaka nikampata jamaa mmoja amekaa kwenye kreti mbele ya duka la Mhindi, ana kofia na fimbo, uso wa mtu anayejua mambo. Nikamwuliza. Akafikiri kidogo, akasema, "Umemfikia mwenyewe."

Nikamletea pombe. Akanipangia zamu: alfajiri na adhuhuri. Siku ya pili akasema zamu ya adhuhuri ina mgogoro, nilete nyingine. Nikaleta. Nilikuwa najivuna, Rakeli! Nilimwambia mama yako, "Sasa chota bila wasiwasi, nimeshatuweka sawa na wenyeji."  Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anachota tangu siku ya kwanza, kwenye bomba la mtaa wa pili, ili asinivunje.

Aliyenivunja ni Bi Mwanaidi. Alinikuta natoka na chupa nyingine. "Baba, hiyo unampelekea nani?"

"Mzee wa bomba."

"Yupi?"

Nikamwonyesha. Bi Mwanaidi akashika nguzo ya mlango. "Ewe mtoto wa watu! Yule ni mlinzi wa duka! Bomba la Manispaa hilo, halina mzee wala kijana!"

Nyumba nzima ikatoka nje kucheka. Mimi nikaingia chumbani nikajifunika blanketi mchana kweupe, nikaapa kesho narudi Meru. Mama yako aliporudi jioni walikuwa wameshamsimulia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akajitahidi, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akasema, "Mume wangu, mwenye maji haya ni serikali, na serikali hainywi pombe yako." Nikacheka na mimi. Nilikuwa sijacheka tangu tufike.

Kisa chenyewe ni hicho, lakini jina la Baba Debe halikutoka hapo. Lilitoka siku chache baadaye.

Mama yako alirudi jioni moja akakaa chini pale kizingitini avue viatu. Nilikuwa namweleza kitu, nikaona hajibu. Amelala. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mimi nilikuwa naamini kule kwa wazungu anafurahi, maana kila nikimwuliza alisema "hakuna shida." Nilikuwa hata namwonea wivu. Siku ile ndipo nilipoona miguu yake. Na debe lilikuwa tupu, na nilijua akiamka atalichukua aende akapange foleni.

Kwetu mwanamume huchimba mfereji, huuzibua, huugawa, huugombania hata kwa rungu. Lakini kuyabeba maji kuyaleta jikoni, hapana. Sikuwahi kumwona baba yangu akifanya hivyo, wala babu. Nililitazama lile debe kwa muda mrefu. Halafu nikalishika nikatoka, nikapanga foleni nyuma ya wanawake.

Wakageuka kunitazama. Halafu mmoja akacheka, wakacheka wote. Sikujua kulibeba, nikaliweka begani, nusu ya maji ikaingia shingoni. Mama mmoja mnene alinifuata akavua kanga yake ya kichwani, akaizungusha ikawa kata, akaniwekea utosini. "Simama wima," akaniambia, "tazama mbele, usitazame watu." Nikafika. Mama yako bado amelala. Nikaweka maji jikoni, nikabandika ugali, nikaunguza.

Siku iliyofuata nikaenda tena. Na iliyofuata. Pale kwenye foleni ndipo nilipojua Nairobi, si kwa wale wanaume wanaovaa kofia. Wanawake walikuwa wanajua kila kitu: nani anaumwa, mtaa upi askari wanapita, nani anatafuta mtu. Yule mama mnene ndiye aliyeniambia mumewe yuko kwenye kiwanda cha mbao na msumeno unamhitaji mtu mwenye mgongo. Nikapata kazi, nikapata na kipande. Lakini jioni niliendelea kuchota, maana nilikuwa narudi mapema kuliko mama yako.

Mtu mmoja wa kwetu akapita Pumwani akaniona. Kabla sijajua, habari zilishafika huku mlimani, zimeongezwa chumvi: kwamba mke wangu amenifanya mtumishi, kwamba navaa kanga. Tuliporudi, wewe ukiwa mgongoni mwa mama yako, kwenye pombe ya kwanza Sangito akasimama mbele ya watu akasema, "Karibu, Baba Debe." Watu wakaanguka kwa kicheko. Niliumia sana siku ile, sitakudanganya. Nilitaka nimrushie kibuyu.

Lakini nilimtazama mama yako amekaa upande wa wanawake, amenyoosha shingo, hakuona aibu hata kidogo. Nikajiuliza, katika wanaume wote hawa wanaocheka, ni yupi mke wake anamtazama hivyo? Nikakaa nikanywa. Tangu siku hiyo jina ni langu na yeyote anayeniita nalo ninamwitikia.

Nakwambia haya kwa sababu Kampala itakuwa zamu yako kuwa mama yako, na ya Anaeli kuwa mimi, kama atakuja. Nimesikia kule ni vilima na ndizi tupu, kwa hiyo hamtakufa njaa wala hamtaona jambo geni sufuriani. Mama yako anasema ndizi zao hawajui kuzipika, lakini hajawahi kufika. Nimesikia pia wanawake hupiga magoti wakiamkia. Wewe na magoti yako sijui mtaelewanaje.

Wiki za kwanza ndizo ngumu. Wewe utakuwa na mlango wa kuingia asubuhi, watu wanakuita sista, wanakungoja. Yeye atabaki na chumba. Usimwulize kila jioni, "umeshindaje?" mbele ya watu. Mama yako aliniuliza hivyo, kwa upendo, na mimi nilisikia kama napigwa. Mpe habari za siku yako kwanza. Yeye ataleta zake zikiwa zipo.

Na akifanya kazi ya jikoni, usimpigie makofi. Bi Mwanaidi alikuwa kila akiniona na debe anapaza sauti, "Mume mwema huyo! Wanawake wenzangu mmeona?" na siku moja mama yako naye akaungana naye kunisifu. Nililiweka lile debe chini pale ukumbini nikatoka nje. Nilikuwa nimebeba maji ya nyumba yangu, kwa nini nisifiwe kama mtoto aliyenawa mikono? Mama yako alilielewa siku ileile. Akalichukua debe akamalizia hatua zilizobaki, na hakunisifu tena.

Kubwa zaidi ni hili: usimfiche uchovu wako. Mama yako alinificha ili nisijione si kitu, na mimi nilikaa nikifikiri yeye ana raha na mimi nina taabu. Tulikaribia kuachana kwa kuoneana huruma kimya kimya. Ukichoka, sema nimechoka. Ukishindwa darasani, mwambie. Mwanamume aliyekufuata nchi ya watu anataka kuona kwamba anahitajika, la sivyo amefuata nini?

Niliacha kuandika hapo kwa sababu Anaeli alitokea.

Sasa jua limeshuka nyuma ya mlima nami ndio nimerudi kwenye meza. Wewe umesharudi, nakusikia ndani na mama yako, mnabishana kuhusu maandazi. Anaeli yuko na wewe na amekwambia tu kwamba safari ipo. Hajakwambia mengine. Mimi nakwambia.

Alikuja mchana, viatu vyekundu kwa vumbi. Nadhani alitembea njia yote. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

Mama yako akamletea maziwa na kiporo cha ndizi. Akala bila kuinua kichwa. Nikamngoja.

"Nimeshindwa kumlainisha," akasema.

"Na shamba?"

"Amempa mdogo wangu. Ameita na mashahidi. Mama amelia, lakini imekwisha."

"Na wewe je?"

Akaweka bakuli chini. "Mimi nimekuja kuuliza basi linapita Tengeru saa ngapi."

Rakeli, nimempenda kijana huyu tangu siku ya posa, lakini leo nimempenda kwa namna nyingine. Aliniomba kitu kimoja tu, kwamba nisikwambie mpaka mfike, maana ukijua utataka kubaki. Nilimwambia nimesikia. Sikumwambia nimekubali. Umeshaona hapo juu kilichotupata mimi na mama yako kwa kufichana mambo kwa nia njema, na sitaki muanze na siri chumbani. Soma haya, mtazame, mwambie unajua. Halafu mpande basi. Hakuacha shamba lake ili wewe ubaki nyumbani ukimsikitikia.

Alipomaliza kula nilimwambia apumzike, nikachukua fimbo. Wazee wa ukoo leo walikuwa juu kwenye banio la mfereji, linazibuliwa kabla ya mvua. Nikawaambia waje. Mdogo wako anayekufuata alikuwepo, akachukua jembe akanifuata bila kuuliza, na bado alikuwa hajui naenda kufanya nini. Yeye na mdogo wake wana vyao, nilishawagawia, hakuna aliyedhulumiwa.

Nikawapeleka kwenye kile kipande changu cha juu, kuanzia mti wa mringaringa mpaka mferejini, chenye migomba ambayo mama yako aliipanda tuliporudi Nairobi. Nikamwonyesha mdogo wako wapi pa kuchimba, nikapanda masale ya mpaka pembe zote. Nikawaambia wazee washuhudie kwamba kipande hiki ni cha Rakeli. Si cha mumeo. Ni chako. Akiwa nawe kitamlisha, na mkirudi kutoka Kampala, mkiwa mmefaulu au mmeshindwa, hakuna mtu wa kuwauliza mnakaa wapi.

Walinguruma sana. Mmoja akasema ningempa mkwe, ingeeleweka. Mwingine akasema nimelewa. Ndipo yule mkubwa wao, anayejua mipaka yote ya huku tangu enzi za Wadachi, akanyoosha kidole chake kwenye masale yangu. "Tangu lini," akauliza, "shamba la ukoo wetu likapewa binti?"

Nikamjibu, "Tangu leo."

Baba yako.